Killer of Sheep: Filamu Iliyokaa Miaka Thelathini Bila Ukumbi

Leo nataka tuizungumzie filamu moja ya Marekani ambayo wengi wetu hatujapata kuiona, na ambayo hata huko kwao, kwa karibu miaka 30, walioisikia walikuwa wengi kuliko walioiona. Inaitwa Killer of Sheep, yaani mchinja kondoo. Aliyeitengeneza ni Charles Burnett, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka 1944 huko Vicksburg, jimbo la Mississippi, akakulia Watts, kusini mwa jiji la Los Angeles. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, kile kinachojulikana kama UCLA, na filamu hii ndiyo kazi aliyoiwasilisha mwaka 1977 ili apate shahada yake ya uzamili. Iligharimu chini ya dola 10,000. Mwaka huohuo ndipo ilipotoka Star Wars, iliyomeza kiasi cha dola milioni 11. Kwa fedha za Star Wars, Burnett angeitengeneza filamu yake zaidi ya mara 1,000.

Alifanyaje kwa fedha hizo? Hadithi aliandika mwenyewe, akaongoza mwenyewe, akashika kamera mwenyewe, akahariri mwenyewe. Alipiga picha mwisho wa wiki, sehemu kubwa kati ya mwaka 1972 na 1973, kwa mkanda wa milimita 16, nyeusi na nyeupe. Waigizaji wake wengi hawakuwa waigizaji: walikuwa jamaa, marafiki na majirani, na watoto wa mtaani waliocheza mbele ya kamera na pengine wakasaidia kubeba vifaa vya sauti. Mhusika mkuu, Stan, aliigizwa na Henry Gayle Sanders, askari wa zamani wa vita vya Vietnam. Mkewe, ambaye hatajwi jina filamu nzima, aliigizwa na Kaycee Moore.

Stan anafanya kazi machinjioni. Anarudi nyumbani hoi, na usiku hapati usingizi. Ana mke anayempenda, mtoto wa kiume asiyesikia, na binti mdogo. Rafiki zake wanakuja kila mmoja na mpango wake. Wawili wanamfuata mpaka nyumbani wakitaka ashiriki katika mauaji ya mtu, na ni mkewe anayetoka nje, akasimama mlangoni na kuwapa maneno yao. Zaidi ya hapo, hakuna tukio kubwa linalozuka na kugeuza maisha ya mtu. Kuna vipande. Wavulana wanarushiana mawe kwenye kiwanja cha vumbi. Wanaruka kutoka paa hadi paa, kamera ikiwatazama kutoka chini. Binti amevaa kinyago cha mbwa, amesimama tu, anawatazama wakubwa. Kondoo wananing'inia kwenye kulabu. Kipande kinakwisha, kingine kinaanza, na mtazamaji ndiye anayeachiwa kazi ya kuviunganisha.

Nitakueleza kipande kimoja kwa urefu kidogo, kwa sababu nadhani filamu nzima imo humo. Stan amepata mshahara wake. Anafuatana na rafiki yake Eugene kwenda kununua injini ya gari iliyotumika. Injini iko ndani ya nyumba ya mtu, ghorofani. Wanapatana bei. Kisha wanaibeba wawili kwa mikono, wanashuka nayo ngazi, wanahema, wanaitua, wanaipandisha tena. Ni chuma kitupu, na Burnett hafupishi: tunashuka nao ngazi hizo. Wanaifikisha kwenye gari dogo la mizigo, wanaiweka nyuma, pembeni kabisa mwa bodi. Stan anataka waisukume ndani zaidi. Mwenzake anasema inatosha, haitakwenda popote. Gari limeegeshwa mlimani. Linaondoka, na injini inaanguka barabarani, inapasuka. Wanashuka, wanaiangalia, wanaona haifai tena. Wanapanda gari wanaondoka, na kamera ikiwa nyuma ya gari inaitazama injini ile ikibaki katikati ya barabara, ikipungua, ikipungua.

Hakuna muziki wa kutuambia tuhuzunike. Hakuna mtu anayepiga kelele. Mshahara wa mtu umeanguka barabarani, na kesho ataamka aende kazini kama kawaida.

Sasa jiweke mahali pa mhakiki wa mwaka 1978. Mwezi Novemba mwaka huo filamu ilionyeshwa New York, katika jumba la makumbusho la Whitney. Mhakiki anayeingia humo amezoea nini? Kuhusu Wamarekani Weusi, miaka ya sabini majumba ya sinema yalikuwa yamejaa filamu za aina ya Shaft ya mwaka 1971 na Super Fly ya mwaka 1972: mwanamume shupavu, koti la ngozi, bastola, magari, muziki wa kutingisha. Upande wa pili kulikuwa na filamu za wanafunzi wa siasa za mrengo wa kushoto, ambamo mfanyakazi ananyonywa, anazinduka, anajiunga na chama cha wafanyakazi, na mwisho njia inaonekana. Burnett amesema mara kadhaa kwamba aliyakimbia yote mawili. Watu aliokua nao Watts hawakuwa majambazi wa sinema, na matatizo yao hayakuwa na ufumbuzi wa dakika tano za mwisho. Alitaka kuwaonyesha jinsi walivyoishi, bila kuwaamulia mambo yao.

Mapokezi ya mwanzo huko New York yalikuwa ya baridi. Gazeti la New York Times liliitazama na halikuvutiwa sana. Na malalamiko yanayoikuta filamu ya namna hii tunayafahamu sote, kwa kuwa hayabadiliki sana nchi kwa nchi: haina kisa, haina mwanzo wala mwisho, waigizaji wake hawakusomea, sauti yake haisikiki vizuri, mtengenezaji amesimama mbali mno na watu wake.

Hapa naomba tuende polepole. Malalamiko hayo, ukiyatazama moja moja, mengi yake ni kweli. Filamu haina kisa cha kusimulia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watu wake wengi hawakusomea uigizaji, na kuna mahali mtu anatamka maneno kama anayeyakumbuka. Sauti, hasa katika nakala za zamani, ilikuwa ya kutegea sikio. Kamera kweli inasimama kando, haimkumbatii mtu. Kwa hiyo mtu aliyeandika hivyo hakusema uongo. Alichokosea ni kudhani kwamba akishaeleza filamu haina nini, amekwisha kuihukumu. Kazi ya pili, iliyo ngumu zaidi, aliiacha: kuuliza kukosekana huko kunafanya kazi gani ndani ya filamu.

Chukua hilo la kisa. Kisa cha kawaida kinadai mtu atake kitu, azuiwe, apambane, apate au akose. Stan anataka nini? Anataka kulala. Anataka injini. Anataka kwenda na familia na marafiki kwenye mashindano ya farasi, na tairi linapasuka njiani na hakuna spea, wakarudi na rimu. Kila anachokitaka ni kidogo, na kila mara kinamponyoka kwa sababu ndogo. Ungevifunga vitu hivyo kwa kamba ya kisa kimoja chenye kilele, ungesema uongo kuhusu maisha hayo, kwa sababu ungeyapa mpangilio ambao wenyewe hawaupati. Uzito wa filamu unatokana na vipande kurundikana. Injini peke yake ni bahati mbaya. Injini, kisha tairi, kisha usiku mwingine bila usingizi, hapo mtazamaji anaanza kuelewa kwa nini mtu mzima, mwenye afya na kazi, anakaa kwenye kiti kama aliyekwisha kuzimika.

Na lile la kusimama mbali? Kuna mahali Stan anakataa kuitwa maskini. Hoja yake ni kwamba yeye hutoa vitu kwa shirika la misaada, na maskini hatoi. Maskini ni yule jirani anayechuma majani ya porini kwenye kiwanja kitupu ili apate mboga. Kamera haimcheki wala haimwonei huruma. Inamwacha aseme. Mwongozaji mwingine angeisogeza kamera mpaka usoni, akaleta vinanda, nasi tungelia kidogo na kujiona tuna utu. Burnett anatunyima raha hiyo. Mimi naona huo ni uamuzi wa heshima, wa mtu aliyekulia mtaa uleule na anayejua kwamba Stan hahitaji machozi ya mgeni.

Lakini nisikupeleke haraka kwenye sifa, maana kuna jambo lililoiumiza filamu hii kuliko uhakiki wowote mbaya, na jambo hilo ni muziki.

Burnett alijaza filamu yake nyimbo. Sauti ya Paul Robeson imo. Louis Armstrong yumo, Elmore James na Little Walter wamo, kundi la Earth, Wind & Fire limo. Alitaka kazi yake ipite kama historia ya muziki wa Weusi, iwafikie watoto wa Watts ambao pengine hawakuwahi kumsikia Robeson. Lakini yeye alikuwa mwanafunzi anayetengeneza kazi ya chuo, hakuwa na nia ya kuipeleka kwenye majumba ya biashara, na haki za nyimbo hizo hakuzilipia. Angezilipia kwa nini? Filamu yenyewe haikufika dola 10,000. Matokeo yake hakuna msambazaji aliyeweza kuigusa kisheria. Ikawa inaonekana katika vyuo, makumbusho na matamasha, kwa nakala za milimita 16 zilizozidi kuchakaa kila zilipopita kwenye mashine.

Ungeweza kusema basi, aondoe nyimbo, aweke muziki wa bei rahisi. Sikiliza kipande hiki uniambie kama inawezekana. Ni usiku, chumbani. Stan yuko kifua wazi, mkewe amemwegemea, nyuma yao dirisha linatoa mwanga kidogo, nao wanaonekana kama vivuli. Kwenye santuri Dinah Washington anaimba "This Bitter Earth". Wanacheza taratibu sana, karibu hawasogei. Mkono wa mke unapita mgongoni mwa mumewe, unapanda, unashuka, unamuuliza kitu ambacho mdomo hauulizi. Anamshika zaidi. Wimbo unakwisha. Stan anajitoa mikononi mwake, anatoka, na mwanamke anabaki dirishani peke yake. Muda wa kipande chote ni muda wa wimbo. Wimbo ndio saa ya ndoa ile: unapoisha, ukaribu umeisha. Ukiutoa, hakuna kilichobaki cha kutazama.

Basi filamu ikakaa. Na hapa naomba niwataje kwa wema wahakiki wa kundi lingine, wale walioibeba wakati haikuwa na ukumbi. Mwaka 1981 ilipelekwa kwenye tamasha la Berlin, na huko ikapata tuzo ya wahakiki wa kimataifa. Mwaka 1990 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa, orodha iliyokuwa katika mwaka wake wa pili tu. Zilizopata nafasi mwaka huo ni pamoja na The Godfather, It's a Wonderful Life na Raging Bull. Hebu pima hilo, msikilizaji: filamu ambayo mtu wa kawaida hangeweza kukata tiketi aione, imewekwa meza moja na The Godfather. Mwaka 2002 Chama cha Kitaifa cha Wahakiki wa Filamu cha Marekani kikaiweka katika orodha yake ya filamu 100 za lazima.

Walimu wa vyuo nao waliifundisha. Walioiona walikwenda kuwaambia wengine. Ndivyo sifa yake ilivyokua, mdomo kwa mdomo na makala kwa makala, kwa muda wa robo karne. Nasema hivi kwa sababu watu hupenda kumzungumzia mhakiki kana kwamba kazi yake ni kukaribisha au kufukuza watu mlangoni siku ya kwanza. Wapo, na ndio muhimu zaidi, wanaorudi kwenye kazi miaka 10 baadaye, wakaitazama tena, wakaandika tena.

Mwaka 2007 mlango ukafunguka. Hifadhi ya filamu ya UCLA ilikuwa imeitengeneza upya, ikaikuza kutoka milimita 16 hadi 35, na kampuni ndogo ya usambazaji iitwayo Milestone ikashughulikia haki za muziki. Gharama ya haki hizo ilifika kiasi cha dola 150,000, yaani zaidi ya mara 15 ya fedha zilizoitengeneza filamu yenyewe. Mwongozaji Steven Soderbergh ni mmoja wa waliochangia. Mwezi Machi mwaka huo ikaingia ukumbi wa kulipia mjini New York, na gazeti lilelile la New York Times, sasa kwa kalamu ya Manohla Dargis, likaipokea kama moja ya kazi kuu za sinema ya Marekani. Magazeti mengine yakafuata. Chama cha wahakiki wa New York kikampa Burnett tuzo maalumu.

Vipande ni vilevile. Injini ni ileile, inaanguka palepale. Ni nini kilichokuwa kimebadilika? Sehemu moja ni ya kiufundi, na tusiidharau: picha ilikuwa safi na sauti ilisikika, kwa hiyo kilichodhaniwa ni ubovu wa mikono ya mwanafunzi kikaonekana kuwa ni nakala iliyochakaa. Sehemu kubwa zaidi ni macho ya watazamaji. Katika miaka hiyo 30 walikuwa wameona filamu nyingi kutoka Iran, Taiwan na Afrika Magharibi ambazo hazikimbilii kilele, wakajifunza kukaa na kipande mpaka kimalize kusema. Watengenezaji wapya wa Marekani nao walikuwa wameshajifunza kwa Burnett. Filamu ilikuwa imesaidia kuwafundisha watu jinsi ya kuitazama, ingawa wengi wao walikuwa hawajaiona.

Kuna jambo moja katika mapokezi ya mwaka 2007 ambalo linanigusa sana, na sijui kama limezungumzwa inavyostahili. Burnett aliimalizia filamu yake kwa wimbo mwingine wa Dinah Washington, "Unforgettable". Haki za wimbo huo hazikupatikana. Katika nakala iliyosambazwa wakaurudisha "This Bitter Earth" mwishoni, ule uliokwisha kusikika kwenye kipande cha chumbani. Kondoo wanaswagwa machinjioni, na sauti ile inarudi. Ni mwisho wenye nguvu kweli. Kizazi kizima cha wahakiki na wanafunzi kiliutazama, kikauchambua. Lakini wimbo ule uliwekwa pale kwa sababu ya bei. Mwaka 2025 filamu ilipotengenezwa upya kwa mara nyingine, kwa ubora wa juu wa kidijitali, "Unforgettable" ulirudishwa mahali pake. Sasa mwisho unasikika tofauti: kuna upole ndani yake, karibu mapenzi, juu ya picha zilezile za machinjio. Mimi nauona wa Burnett kuwa mgumu zaidi kuuelewa, na kwa hiyo bora zaidi. Ule wa 2007 unamwambia mtazamaji dunia ni chungu, jambo ambalo amekwisha kulishuhudia kwa dakika 80. Huu unamwachia wimbo wa mapenzi mbele ya kondoo, aende nao nyumbani.

Kama unadhani uhakiki wa haraka ni jambo dogo, sikiliza habari ya filamu yake ya pili, My Brother's Wedding, ya mwaka 1983. Hiyo ilipata fedha za televisheni ya Ujerumani. Kabla Burnett hajamaliza kuihariri, ikapelekwa kwenye tamasha huko New York, mkato wa awali tu. Uhakiki uliotoka haukuwa mkali, ulikuwa wa shingo upande. Ulitosha. Wasambazaji wakajiondoa, na filamu ikafungiwa kabatini. Alipata nafasi ya kuihariri upya mwaka 2007, baada ya Killer of Sheep kutoka, akaipunguza kutoka dakika 115 hadi kama 80. Yaani watu waliihukumu filamu ambayo mwenyewe alikuwa hajaimaliza, na hukumu ikadumu zaidi ya miaka 20. Burnett hakuacha kazi. Alitengeneza To Sleep with Anger mwaka 1990 akiwa na Danny Glover, alikwenda Namibia kutengeneza filamu kuhusu ukombozi wa nchi ile na maisha ya Sam Nujoma, na mwaka 2017 akapewa Oscar ya heshima. Lakini nani atatuhesabia filamu ambazo hakuzitengeneza katikati?

Nisiwape sifa za bure wanaosifu pia. Tangu filamu hii itukuke, imezuka tabia ya kuisifu kwa maneno yanayoipunguza. Watu husema ni kama maisha yenyewe, ni kama kamera imeachwa tu barabarani, ni kama filamu za Italia za baada ya vita. Wanadhani wanasifu. Lakini Burnett aliandika maneno ya wahusika wake kabla ya kupiga picha, na picha zake alizipanga. Binti mwenye kinyago hakusimama pale kwa bahati. Vivuli viwili dirishani vimepimwa. Ukimwambia fundi aliyechonga mlango wa Lamu kwamba mlango wake umeota wenyewe, hujamsifu. Na hilo la Italia, kila mara msanii Mweusi akifanya jambo zuri lazima atafutiwe baba Ulaya. Kwa nini lisianzie kwa wenzake aliosoma nao? UCLA ya miaka ile ilikuwa na Haile Gerima kutoka Ethiopia, Julie Dash, Larry Clark, Billy Woodberry. Walisaidiana kamera na mikono, waliangalia filamu za Afrika, za Cuba na za Brazil, waligombana kuhusu sinema ya mtu Mweusi iweje. Mwethiopia mwingine, Teshome Gabriel, alifundisha hapo na kuandika juu ya sinema ya Dunia ya Tatu. Humo ndimo Killer of Sheep ilimozaliwa, na mhakiki asiyelijua hilo anaikosa nusu ya mazungumzo.

Mwaka 2022 jarida la Sight and Sound la Uingereza lilifanya kura yake, ile inayofanyika kila baada ya miaka 10 kwa kuwauliza wahakiki wa dunia nzima. Killer of Sheep ilishika nafasi ya 43 ya filamu bora za wakati wote, sawasawa na Stalker ya Andrei Tarkovsky. Kazi ya mwanafunzi, chini ya dola 10,000.

Sasa nizungumze nanyi mlio karibu. Nawajua vijana wetu wanaopiga filamu kwa simu na kamera za kuazima, Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa, Zanzibar. Wengine hawataki kufuata mkondo wa filamu za ndoa na uchawi. Wanajaribu vipande, ukimya, picha ndefu. Zanzibar tamasha la filamu la nchi za jahazi lipo tangu mwaka 1998, na kila baada ya maonyesho ya filamu za namna hii nje ya ukumbi husikika neno moja: haieleweki. Sisemi kila isiyoeleweka ni Killer of Sheep. Nyingi ni mbovu kweli, na zinastahili kuambiwa hivyo. Lakini haieleweki si uhakiki. Niambie uliona nini, kwa mpangilio gani, kamera ilikuwa wapi, kisha niambie wapi ilikupoteza na kwa nini unadhani kosa ni la mwongozaji.

Kwenu wahariri wa magazeti na vipindi vya sanaa: mwandishi wenu akirudi kutoka kwenye filamu ya fedha kidogo, msimpe aya mbili kati ya habari za wanamuziki. Mpeni ukurasa, na mpeni ruhusa ya kwenda kuiona mara ya pili kabla hajaandika. Kwenu watengenezaji: kamateni haki za muziki mapema, kwa maandishi, hata kama wimbo ni wa rafiki yenu na hata kama mnasema ni kazi ya chuo tu. Na msipeleke tamashani filamu ambayo haijakwisha kwa sababu mtu mwenye fedha ana haraka.

Na kwako wewe msikilizaji, Killer of Sheep sasa inapatikana kihalali, kwa picha safi na kwa mwisho ambao Burnett aliutaka. Ni kama dakika 80 tu. Itazame, kisha tuandikie hapa studio utueleze uliona nini.